Ufunguo Uliozikwa na Mgomba

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomwona mama yangu akinawa miguu kumngoja mtu aliyekwisha kuzikwa. Jua lilikuwa bado juu. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, nyumbani kwetu Mkolani, na gari la baba likanguruma nyuma ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu baba apotelee ziwani. Mama hakushtuka hata kidogo. Aliweka ungo chini, akachota maji, akanawa miguu taratibu, kidole kwa kidole, kisha akaingia ndani kubadili kanga. Alipotoka alisema tu, "Leo amechelewa."

Nilikuwa nimeshika bisibisi, ikaniponyoka. Nimezeeka sasa, nimekesha misibani zaidi kuliko nilivyokesha harusini, lakini mgongo wangu haujasahau baridi ya siku ile. Nakusimulia kwa sababu nawaona ninyi vijana wa Mwanza ya leo mmeshikwa na mapenzi ya magari ya zamani. Mnayaokota yameoza nyuma ya nyumba za watu, mnayanyoosha, mnayapaka rangi, Jumapili mnayaendesha kando ya ziwa huku mnapigwa picha kama maharusi. Sina ugomvi na hilo. Hata mimi kikiwaka kitu kikuukuu natabasamu, na meno yenyewe ndiyo haya unayoyaona. Ila kunywa chai yako polepole unisikilize, maana kuna jambo fundi hatakuambia.

Baba yangu aliitwa Anselmi, na watu wa kwetu Kagera kwa heshima walimwita Ta Anselmi. Alikuwa bwana afya. Kazi yake ilikuwa kukagua samaki Mwaloni, pale Kirumba, na mara nyingine kuvuka kwenda visiwani kuangalia vyoo na visima vya watu. Gari lake lilikuwa Pijo 404 ya bluu iliyopauka, gia zake kwenye usukani, alilinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Alilipenda mpaka mama akawa analiita mke mwenza. Jioni akifika kona ya kwa fundi cherehani alipiga honi mara mbili, fupi kisha ndefu, na mama aliacha lolote alilokuwa akifanya akaenda kufungua geti. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yake. Sikumbuki baba akibisha hodi kwa mdomo.

Asubuhi aliyopotea hakuchukua gari. Alipewa lifti mpaka Kirumba, akapanda boti ya kwenda visiwani, na mchana ukaja upepo. Boti ilipatikana imepinduka. Wenzake walikutwa hai wameshikilia dumu la mafuta, baba hakuonekana. Wavuvi walizunguka na nyavu mpaka wakachoka. Ziwa letu huchelewa lakini hurudisha, kila mtu wa pwani ile anajua, ila safari hii lilikataa kurudisha.

Sasa, katika ukoo wetu, mtu akipotelea majini na mwili usipatikane, wazee huzika mgomba badala yake. Usicheke. Mtu hawezi kuachwa bila kaburi, na walio hai hawawezi kukaa matanga yasiyo na mwisho. Basi wakatupeleka kijijini, upande wa Muleba, kwenye kibanja chetu, yaani lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ambamo tunazika watu wetu. Wakang'oa mgomba mmoja pamoja na tunguu lake la chini ya ardhi, wakauvika koti la kazi la baba, wakaulaza kwenye sanduku kama mtu. Shangazi Paskazia, dada yake baba, akachukua ufunguo wa gari akautia katika mfuko wa koti. "Kitu alichokishika kila siku asije akakikosa huko," alisema. Padri akasali, udongo ukafukiwa, na siku zilipotimia matanga yakaanuliwa.

Mama hakulia. Si siku ile wala baadaye. Alivaa nguo nyeusi, akazivua wakati ulipofika, akarudi Mkolani akaendelea kuuza vitenge vyake, na watu wakamsifu kwamba ana moyo wa chuma. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini sisi tulikuwa vijana, tukaona kovu tukafurahi.

Gari lilibaki nyuma ya nyumba, limewekwa juu ya mawe, matairi yamekwisha. Kuku walitagia kiti cha nyuma. Majani yalipita kwenye sakafu yakatokea dirishani. Miaka ikaenda hivyo, hadi kaka yangu Deo aliporudi kutoka masomoni na kupata kazi ya ufundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba. Deo alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Hata shuka ya kitanda ikiwa na mkunjo hakulala. Jumamosi moja alifukuza kuku, akafungua boneti, akaiinamia injini, halafu akaniambia, "Koku, hili linafufuka."

Tukalifufua, mwanangu, na sitakudanganya, hakuna raha niliyowahi kuipata kama ile. Tulisimamisha magogo matatu, tukafunga mnyororo, tukainyanyua injini kama ng'ombe aliyezama topeni. Deo alibadilisha ringi na gasketi, akaisafisha karabureta kwa petroli na brashi ya meno, tena brashi yangu, wala hakuniomba radhi. Breki alizisuka upya. Mimi kazi yangu ilikuwa plagi, nyaya na kusugua kutu kwa msasa mpaka viganja vikawa kama vya mwashi. Majirani walikuja kutazama. Mama alipita pembeni na ndoo yake, akatazama mbele, hakuwahi kuuliza tunafanya nini. Tukadhani amependa.

Kila kitu kilirudi mahali pake, kikabaki kimoja. Usukani wa gari lile ulikuwa ukichomoa ufunguo unajifunga, haugeuki kushoto wala kulia. Mafundi wenzake Deo walimwambia avunje kitasa, aweke swichi nyingine, kazi ya dakika chache. Deo akakataa. "Nikivunja hapo litakuwa gari lililoibwa," alisema. "Nataka liwake kwa ufunguo wake." Nikamkumbusha ufunguo ulipo. Akanitazama kwa yale macho yake ya kunyoosha mambo, akasema, "Najua ulipo."

Tulikwenda Muleba kumsalimia shangazi. Ndivyo alivyoniambia, na nilifurahi kwenda. Jumapili nikafuatana na shangazi kanisani, Deo akasema tumbo linamsumbua. Tuliporudi tulimkuta amekaa kibarazani ameoga, nywele bichi, lakini chini ya kucha zake palikuwa na udongo mwekundu. Sikuuliza mpaka tulipokuwa ndani ya basi la kurudi. Akafungua kiganja akanionyesha. Ufunguo ulikuwa umekuwa mweusi kidogo tu, maana shaba hailiwi na kutu.

"Pale hapana mtu, Koku," alininong'oneza. "Ni shimo la mgomba tu. Nimechimba mgomba, mtu gani wa shamba hachimbi mgomba?"

Halafu akageukia dirisha. Tulipofika mbali ndipo aliponiambia jambo lingine. Ule mgomba uliozikwa ulikuwa umechipua. Chipukizi lilikuwa limepenya sanduku lililooza, likapita katika mkono wa koti, likatokea pale kiganja kinapokuwa, na ufunguo uliotiwa mfukoni aliukuta pale, umebanwa na mizizi. Ilimbidi auvute kwa nguvu. Alisema ulivyoachia, ni kama mtu aliyekubali kukuachia mkono. Deo hakuwa mtu wa kutia chumvi, mwanangu. Hata mboga alikula chapwa.

Kwa hiyo sasa unajua kilichonguruma siku ile mama aliponawa miguu. Deo aliusugua ufunguo kwa majivu na limau, akautia, akazungusha, na gari likawaka mara moja. Akalizungusha mtaani, na aliporudi, kwenye kona ya kwa fundi cherehani, akapiga honi, fupi kisha ndefu. Aliniapia baadaye kwamba alifanya hivyo kwa kumfurahisha mama. Mama alikuwa amesimama getini tayari, uso umepakwa mafuta, akafungua. Alimwangalia Deo akishuka, akasema, "Karibu, Ta Anselmi. Ziwa limekuchosha."

Nilicheka kwa kudhani ni utani. Nilicheka peke yangu.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikabadilika. Mama aliweka sahani ya baba mezani na hakula mpaka honi isikike. Deo akichelewa kazini, chakula kilipoa na mama alikaa nacho. Ufunguo ulirudi kwenye msumari wake wa zamani nyuma ya mlango, na kila asubuhi mama aliugusa kabla hajagusa maji ya kunawa. Kiti cha dereva nacho kikaanza mambo yake. Baba alikuwa mrefu na Deo amechukua ufupi wa upande wa mama, kwa hiyo alikisogeza mbele afikie pedeli. Asubuhi kilikutwa nyuma, pale pale pa baba. Deo akasema reli imelika, akaichomelea. Kesho yake kikawa nyuma. Chini ya pedeli mkeka ulikuwa ukilowa, kiangazi, hakuna tone la mvua. Deo akabadilisha mipira yote ya maji, akafunga na mingine ambayo haikuhitaji kufungwa. Mkeka ukalowa. Niliunusa. Haukunuka maji ya rejeta, ulinuka matope na dagaa.

Lakini hayo si yaliyonitisha zaidi. Mama alipomwita Deo kwa jina la baba, mwanzoni Deo alikuwa akimsahihisha. "Mama, ni mimi, Deo." Halafu akachoka kusahihisha. Halafu nikamsikia akiitikia. Jioni moja mama alimuuliza visiwani kulikuwaje, na kaka yangu, ambaye hajawahi kukanyaga visiwa vile, akajibu polepole, kwa sauti iliyotoka chini ya kifua, "Maji ni mengi, mke wangu. Maji ni mengi." Alipogundua ninamtazama alikohoa, akatoka nje. Sote wawili tulikwepana macho siku ile.

Siku ya Kirumba ndiyo iliyotufumbua macho. Mama aliomba apelekwe Mwaloni kununua sato, tukaenda sote watatu, yeye amekaa kiti cha nyuma amenyooka kama anayekwenda kanisani. Ulikuwa mchana. Kutoka ziwani wingu la wale wadudu wadogo wa majini lilikuwa linakuja, jeusi, linajizungusha polepole bila sauti, na kina mama wanaoanika dagaa walikuwa wanajifunika vitenge kichwani. Niligeuka kuuliza bei ya samaki. Nilipotazama tena mama alikuwa ameingia majini na viatu vyake, maji yamefika kiunoni, anatembea kama mtu anayevuka ua.

Nikapiga kelele. Na hapo, mwanangu, honi ikalia nyuma yangu. Fupi, kisha ndefu. Mama hakugeuka kutazama gari. Alinyanyua mkono akaitikia mbele, kule kwenye maji, kwenye wingu la wadudu: "Nakuja! Nakuja kufungua!"

Tulimtoa mimi na kina mama wawili wa dagaa, maji yamemfika kifuani. Alikuwa ananisukuma. Mwanamke mtaratibu kama yule alinipiga kofi akaniambia, "Niache, anabisha hodi!" Tulipofika kwenye gari Deo alikuwa bado kwenye usukani, jasho linamtoka, kiganja kimekaa juu ya honi. Nikamuuliza kwa nini amepiga. Akasema, "Sikupiga, Koku. Mkono ulikwenda wenyewe." Alikuwa analia.

Kesho yake nilituma ujumbe kwa kondakta wa basi la Bukoba, na haukupita muda shangazi Paskazia akashuka stendi na kikapu chake. Alikuwa mwembamba, mkali, asiyeinua sauti. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama nyuma yangu, pale kwenye msumari nyuma ya mlango. Akaona. Kikapu kikamtoka mkononi.

Alimkalisha Deo kwenye kigoda kama mtoto. Maneno aliyomwambia nimeyabeba maisha yangu yote, nami nakupa kama yalivyo.

"Uliona kaburi halina mtu, ukafikiri ni mali ya yeyote mwenye jembe. Nani alikuambia kaburi ni la aliyelala ndani? Yeye la nini? Kaburi ni la mama yako aliyebaki nje, apate mahali pa kuelekeza macho. Umepafumua. Sasa macho yake yanazurura, yamekwenda mpaka ziwani. Na wewe umekalia kiti cha mtu bila kukabidhiwa, ndiyo maana kinakukalia. Aliyelala usimwamshe, mwana wa kaka yangu. Ukimwamsha, utalala wewe."

Deo akajaribu kujitetea kwamba alitaka kuirudisha furaha ya nyumba. Shangazi akamwambia, "Mama yako ulimuuliza?" Deo akatazama kucha zake. Swali lile lilinipata hata mimi, maana tulimuuliza kila fundi wa Mwanza, tukamuuliza hata muuza mafuta, mama tukamwacha apite na ndoo yake.

Shangazi akaamua ufunguo urudishwe ulikotolewa, na urudishwe kwa gari lenyewe. Tukaondoka asubuhi. Ninyi leo mnapita darajani Kigongo kwa upepo wa dirishani; sisi tulikuwa tunangoja kivuko, na kivuko kilikuwa kinakuja kikitaka. Magari yakapakiwa, watu wakashuka kunyoosha miguu, na Deo akafungua mlango ashuke. Mama, kutoka kiti cha nyuma, akamshika bega. "Usishuke. Kwenye maji ukishuka hurudi." Akamshika hivyo hivyo mpaka ng'ambo ya Busisi, na Deo aliniambia vidole vyake vilikuwa baridi kupitia shati. Geita ikapita, Biharamulo ikapita, vumbi likatubadilisha rangi. Gari halikusumbua hata mara moja. Lilikwenda kama ng'ombe anayerudi zizini.

Tulifika alasiri. Wazee wawili wa ukoo walikuwa wanangoja na majembe. Lile chipukizi lilikuwa limekwisha kuwa mgomba, limesimama juu ya kaburi, majani mapana, na wote tulipolikaribia tulipunguza mwendo. Shangazi akamwambia mama kwa upole, "Wifi, wewe kaa ndani. Sisi tutamaliza, kisha tutakuita." Ndivyo walivyofanya mara ya kwanza pia, mimi nilikuwa nimesahau.

Mama akasimama pale pale.

"Mara ya kwanza mliniweka ndani," alisema. Sauti yake ilikuwa yake, ile ya kila siku, niliyokuwa nimeikosa majuma mengi. "Mlisema mjane asione mgomba ukishushwa. Nikakaa kitandani nikasikia majembe. Nikasema moyoni, wanazika mgomba wao. Mume wangu nitamzika mwenyewe, siku atakayorudi. Hakuna aliyeniuliza. Nimeuza vitenge, nimelea watoto, na kila jioni nimesikiliza kona ya kwa fundi cherehani. Mlidhani gari hili ndilo lililonitia wazimu? Gari limenisaidia tu kusema."

Hapo ndipo nilipomwona shangazi Paskazia, mwanamke ambaye hata mapadri walimwogopa, akipiga magoti kwenye majani makavu ya migomba. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo ulimpata yeye kwanza. Alimshika mama miguu akasema, "Nisamehe, mke wa kaka yangu. Tulikuwa na haraka ya kukupa amani, tukasahau kukuuliza kama umeitaka."

Mama akamwinua. Kisha akatuambia anavyotaka, na hakuna mzee aliyempinga. Aliagiza gari lisogezwe mpaka ukingo wa kibanja. Lilipofika akasema liachwe likinguruma. Alichukua jembe mwenyewe akachimba pembeni ya ule mgomba, si shimo kubwa, kiasi cha kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Sisi tulisimama tukisikiliza injini, na nakuambia, mle migombani mlio ule ulikuwa unarudi kutoka kila upande, ungedhani magari mengi yanakuja kwa pamoja na hakuna linalofika. Mzee mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilishika shina la karibu.

"Piga honi," mama akasema.

Fupi, kisha ndefu. Ikapita juu ya migomba ikapotea. Mama alisubiri, kichwa ameinamisha, kama anavyosikiliza mtu aliye nyuma ya mlango. Tulisubiri naye. Hakuna kilichojibu, mwanangu. Hakuna geti lililolia, hakuna hatua. Na nilimwona akisikia kwamba hakuna kilichojibu. Uso wake ulifanya jambo ambalo sijui kulieleza, kama mtu anayetua mzigo na papo hapo kuona ulivyokuwa mzito.

"Zima, Deo," akasema.

Deo. Jina lake mwenyewe. Kaka yangu akazima, akachomoa ufunguo, usukani ukajifunga kwa mlio mdogo, akaja akampa mama mikononi. Mama akauweka shimoni, akafukia kwa viganja, akashindilia kwa ngumi. Kisha akakaa chini, akanyoosha miguu, akafungua kinywa akapiga yowe.

Sijawahi kusikia yowe kama lile. Miaka yote ile lilikuwa limekaa ndani yake, na lilitoka zima. Kuku walikimbia. Watu walikuja mbio kutoka vibanja vya jirani, wengine na majembe mabegani, wengine wanafunga kanga njiani, wakadhani kuna aliyekata roho saa ile. Mwanamke mmoja akamuuliza shangazi kwa hofu, "Nani amefariki?"

"Ta Anselmi," shangazi akajibu.

"Lini?"

"Leo."

Hakuna aliyecheka wala kuhoji. Wanawake walikaa chini mmoja mmoja kumzunguka mama, wakalia naye, moto ukawashwa, ndizi zikaletwa, na msiba ukaanza.

Gari tulilirudisha Mwanza. Deo alivunja kile kitasa kwa mkono wake, akafunga swichi mpya, na mama alikaa kiti cha mbele njia nzima, kivukoni akalala usingizi mpaka akakoroma. Tuliliendesha miaka mingi, likatupeleka harusini na hospitali, likawa gari tu kama magari mengine. Kama mkeka uliendelea kulowa, sijui. Sikuugusa tena, na Deo hakunieleza.

Basi mwanangu, ninayo haya ya kukuambia, na usiseme bibi huyu ni mshirikina, maana misa sikosi. Kitu kikuukuu ukikiona kimesimama, usikimbilie kuuliza kilikufa kwa ugonjwa gani. Uliza kimesimama kwa ajili ya nani. Karibu na kila gari linalooza yuko mtu anayepita na ndoo yake bila kusema neno, na ruhusa yake ndiyo spea ya kwanza. Usichukue kimya chake ukakiita ndiyo. Kaa naye, muulize, na akikujibu kwa machozi, ngoja yaishe ndipo ushike spana. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuuliza mafundi tu. Na ninyi mtakaokuwa wazee wa ukoo, mkizika, msimfungie ndani mwenye msiba wake. Mtu asipozika wa kwake kwa mkono wake, atamngoja kwa masikio yake.

Nenda sasa, Mungu akutangulie. Mikono yako iwe na ufundi na macho yako yaone watu kabla ya vyuma. Kila unapotoka urudi, na anayekungoja asikie sauti yako mwenyewe mlangoni, si ya mtu mwingine. Na ikiwa siku moja hutarudi, Mungu awape wanaokungoja mtu mwenye huruma ya kuwaambia, na nafasi ya kulia siku hiyo hiyo.